Mahali Unga Haukucheza

Kamina, tarehe 11 Machi 2024

Kwa Papa Mwepu, Mulongo,

Papa, salamu nyingi. Mimi ni Kapinga, mke wa Kitwa, yule mwalimu wa kwaya uliyemtengenezea gitaa zamani, ulipokuwa bado na karakana yako nyuma ya soko la Kamina. Sijui kama habari ilikufikia huko. Kitwa alifariki mwezi wa nane mwaka jana. Alianguka asubuhi akifunga kamba za viatu, na kabla ya jioni alikuwa ametuacha. Kiatu kimoja kilikuwa mguuni. Cha pili kiko bado chini ya kitanda, sijakitoa.

Ninakuandikia kwa sababu ya gitaa. Katika mvua za mwaka huu mbao yake ya juu imebonyea karibu na tundu, na chini yake imevimba. Shevale, kile kipande kinachoshika nyuzi, kimeanza kunyanyuka. Kisu cha mezani kinapita chini yake. Djo, mwanajeshi wa kambi ya Base anayepiga gitaa kanisani kwetu, alilishika kidogo tu akanirudishia.

"Mama," akasema, "hii gitare inagonjwa. Nikikaza nyuzi itapasuka mu mikono yangu, na minyi sitaki bantu baseme muaskari njo aliiua."

Tutaondoa matanga Jumamosi tarehe 3 Agosti. Siku hiyo Kyungu, kaka mkubwa wa Kitwa, atakuja kutoka Lubumbashi, na kwa desturi ya ukoo wao gitaa litaondoka naye. Sibishi. Nilikubali tangu siku ya maziko. Lakini kabla halijaenda nataka kulisikia mara moja tena likisema kama lilivyosema mikononi mwa Kitwa. Ninakuomba ulitengeneze bila kubadilisha sauti yake.

Jambo moja ulijue: Kitwa hakupenda mtu aingize mkono ndani ya gitaa. Hata fundi mmoja wa Kabondo-Dianda alipotaka kuchungulia kwenye tundu, Kitwa alilinyakua kama anayemnyang'anya mtoto kisu. Sijui sababu.

Nilipiga simu kwa namba yako, akajibu binti. Nilieleza maneno mengi. Nikamsikia akikupigia kelele muda mrefu, kisha akaniambia: "Anasema ndiyo." Sikujua ni ndiyo ya nini. Kwa hiyo ninaandika.

Kapinga


Mulongo, tarehe 2 Aprili 2024

Mwanangu Kapinga,

Barua yako imefika kwa mkono wa Carine, yule mwuza samaki anayesafiri kwa treni na mtumbwi. Nilikuwa sijui habari ya Kitwa. Pole, mwanangu. Nilipokuwa natengeneza gitaa lile alikuja kila jioni, anakaa juu ya mbao zangu, anauliza, "Papa, bado tu?" Nikamwambia, "Weye unafikiri gitare ni mukate?" Siku ya pili alikuja na mkate kweli, tukaula, akauliza tena.

Kuhusu simu: masikio yangu yamekufa. La kushoto lilitangulia, la kulia likalifuata. Binti yangu Mira hunipigia kelele mpaka jirani anaitika badala yangu. Ndiyo maana nilifunga karakana nikaja kukaa kwake. Lakini mikono haijafa, na bado naweza kuisikia mbao kwa namna yangu. Nauma kidogo ukingo wake, nagonga kwa kidole, mlio unanifikia kwenye meno. Au namwaga unga wa muhogo juu yake na kugonga, natazama jinsi unga unavyocheza. Mbao nzima inauchezesha unga kila mahali. Mbao mbovu haiwezi kunidanganya.

Gitaa lile nalikumbuka kipande kwa kipande. Mbao ya juu, sisi tunaiita kifua, niliikata kwenye sanduku la sapini, mti wa Ulaya, lililotoka Base. Ilikuwa nyepesi, mistari yake imenyooka na kubanana. Mgongo na pande ni mulombwa, mti mgumu. Kifua ndicho kinachosema. Mgongo unakirudishia maneno. Chini ya kifua nilipanga mbavu nyembamba, zimetawanyika kama vidole vya mkono uliofunguliwa. Hapo ndipo kazi ilipo. Ukiziacha nene, gitaa linakaa kimya kama mgeni. Ukizikwangua sana, linapiga makelele mwaka mmoja, kisha linabomoka. La Kitwa nilizikwangua mpaka karibu na hatari, maana alitaka lisikike hata barabarani.

Sasa shida yangu ni hii. Unasema nisibadilishe sauti. Mimi naijua sauti ya siku ile lilipotoka kwangu. Ya baadaye siijui, na leo ukinipigia sitaisikia. Uniandikie lilikuwa linasemaje. Usitafute maneno ya shule. Niambie tu linafanana na nini nyumbani mwako, mimi nitajua ni mbao gani inasema hivyo.

Ulegeze nyuzi zote kabla ya kulituma. Na tungoje mvua ziishe: hapa kwenye mabwawa hewa ni nzito, mbao inakunywa maji na gundi haikauki. Nitalifungua kiangazi kikianza.

Mwepu


Kamina, tarehe 21 Aprili 2024

Papa Mwepu,

Carine ameondoka na gitaa leo, limefungwa ndani ya blanketi. Alilalamika mpaka stesheni. "Mama Kapinga, hii gitare inakula nafasi ya magunia yangu ya samaki! Na ikifika na harufu, usiseme ni minyi, useme ni maji ya Lualaba." Lakini nilimwona alivyoliweka: juu ya magunia, akalikalia karibu, akamfukuza mwanaume aliyetaka kuegemea hapo.

Umeniuliza linafanana na nini. Nilifikiri hilo nikiwa jikoni. Lilifanana na mtu anayezungumza akiwa amejifunika blanketi mabegani. Nyuzi nene zilikuwa kama maji ya kusonga bukari yanapochemka chini ya kifuniko. Nyembamba zilisema neno moja, kisha zinanyamaza, kama mtu anayejua kwamba chumba cha pili kuna aliyelala. Ukisimama nje ya mlango husikii kitu. Ndani ya nyumba ilitosha.

Haikuwa hivyo mwanzoni. Miaka ya kwanza lilikuwa na kelele, Papa, kama ulivyosema. Padri alimwambia Kitwa mbele ya kwaya, "Mwalimu, Bwana Yesu si kiziwi." Watu walicheka sana. Unisamehe neno hilo, sikuwaza masikio yako, lakini nimeshaliandika na karatasi ni chache.

Nadhani lilitulia mwaka ule tulipompoteza Kyabu. Alikuwa mtoto wetu wa pekee, mwenye miaka saba. Damu yake ilikuwa na ugonjwa, mifupa ilimuuma, na alisikia baridi hata katika jua. Baada ya maziko Kitwa hakugusa gitaa muda mrefu. Alipoanza tena, likawa na sauti hiyo ya chini. Nikasema moyoni: hata mbao imezeeka pamoja nasi.

Hatukuzungumza juu ya Kyabu. Nilijaribu mara kadhaa, Kitwa akatoka nje. Lakini kila jioni alikaa karibu na mlango na kupiga, mimi nachambua majani ya sombe, na ile sauti ilikuwa ndiyo mazungumzo yetu. Mara nyingine nilihisi tuko watatu. Ndiyo sauti ninayoiomba.

Kapinga


Mulongo, tarehe 30 Mei 2024

Mwanangu Kapinga,

Gitaa lilifika salama, linanuka kama sokoni. Barua yako ilinisumbua kuliko harufu. Sapini ikipigwa miaka mingi inafunguka, sauti yake inakua. Haifungi mdomo kwa uzee. Nikajua kuna ugonjwa.

Nilimwaga unga juu ya kifua nikagonga. Kandokando unga uliruka na kukimbilia kwenye mistari yake, vizuri kabisa. Lakini katikati, chini ya tundu, ulilala. Nikagonga tena na tena. Ulilala tu. Basi nikapasha kisu moto, nikafungua mgongo polepole.

Mwanangu, mtu fulani aliharibu kazi yangu. Chini ya kifua, katikati ya mbavu, nilikuta vitambaa vimebandikwa kwa uji wa muhogo! Vimeshikamana na mbao, vyeusi kwa vumbi, mende wamekula uji pembeni. Ndiyo sababu sauti ilifunikwa: kifua hakiwezi kutetemeka kikiwa kimevaa nguo. Na ndiyo sababu kimebonyea. Gundi yangu ni ya ngozi, adui yake ni maji. Uji ule mbichi uliilainisha, mbavu mbili zikaachia kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, mpaka nyuzi zikakivuta kifua ndani. Aliyefanya hivyo alipitisha mkono kwenye tundu, bila kuona anachokigusa. Ni fundi gani mjinga namna hii? Kitwa alikosa nini asije kwangu?

Usiogope, nimevitoa. Niliviloweka kwa maji ya moto mpaka vikaachia. Vumbi lilipotoka niliona vyote ni vya nguo moja ya bluu, yenye ndege wadogo wa manjano. Nikavianika, kisha nikavichoma chini ya chungu cha gundi, maana kwetu kila kinachotoka kwenye meza ya kazi kinapikia gundi, hatutupi kitu. Kimebaki kimoja tu, chini ya shevale, kimeshika sana. Nitakikwangua nikirudisha mbavu mahali pake.

Najua uliniomba nisibadilishe sauti. Lakini ile uliyoizoea haikuwa sauti ya gitaa, ilikuwa ugonjwa wake. Subiri uone. Nimemwaga unga tena jana: unacheza kila mahali, isipokuwa pale penye kitambaa.

Mwepu


Kamina, tarehe 14 Juni 2024

Papa Mwepu,

Usikiguse kile kilichobaki. Naandika hili kwanza ili hata kama barua italowa majini, mstari wa juu usomeke. Carine amesimama mlangoni na magunia yake. "Treni inapiga honi, na weye unaandika Biblia?" Amenipa nafasi ya chai tu.

Ile nguo ya bluu yenye ndege ni ya Kyabu. Ni kipande cha kitenge changu cha kwanza, nilimkatia alipokuwa mdogo, na hakulala bila kujifunika nacho. Siku ya maziko mimi nilikuwa ndani na wanawake. Nilimpa Kitwa nguo ile mkononi, nikamwambia amfunike nayo kabla hawajafunga sanduku, maana mtoto anasikia baridi. Alipotoka makaburini nilimwuliza, "Umemufunika?" Akaniambia, "Hatasikia baridi."

Sasa naelewa kwa nini hakuna aliyeruhusiwa kuingiza mkono. Aliyevibandika hakuwa fundi mjinga, Papa. Alikuwa Kitwa, na mkono wake ulikuwa mwembamba, unaukumbuka.

Miaka yote nimelala nikijua kwamba mtoto amefunikwa. Hakufunikwa. Nguo ilikuwa humu ndani nami, hatua chache kutoka kwenye kiti changu, na Kitwa alinitazama nikichambua mboga bila kunena neno. Nimeigeuza picha yake ukutani. Baadaye nikairudisha, kisha nikaigeuza tena. Jirani yangu Marie-Thérèse aliingia akaona, akauliza, "Kitwa amekosa nini tena, na amekwisha kufa?"

Na sasa nguo imepikia gundi. Sikulaumu. Ulifanya kama mnavyofanya. Lakini kile kimoja, tafadhali, usikiguse mpaka nifikiri.

Kapinga


Mulongo, tarehe 29 Juni 2024

Kwa Mama Kyabu,

Nakuita hivyo. Natumaini sikuumizi.

Gitaa bado liko wazi juu ya meza. Sijakigusa. Mira alinisomea barua yako kwa kuandika maneno makubwa kwenye ubao wa chaki, kwa kuwa macho yangu yalikuwa yamejaa maji, na alipofika kwenye ndege wa manjano aliweka chaki chini akatoka. Yeye ndiye aliyewasha moto siku ile. Aliniuliza, "Papa, hii nguo si ingefaa kufutia meza?" Nikamwambia, tia motoni, iko na uji. Sasa hataki kuwasha moto wa gundi, nawasha mwenyewe.

Nilimtukana Kitwa katika barua. Nilimwita mjinga. Nimeangalia tena ndani kwa utulivu. Hakubandika ovyo. Alipapasa mbavu zangu zote kwa vidole, akapita katikati yake bila kufunika hata moja. Alitaka nguo ikae pale panapotetemeka zaidi. Hakujua tu kuhusu maji na gundi ya ngozi. Angeniuliza ningemwambia, lakini angeniulizaje?

Kilichobaki ni kama kiganja cha mtoto. Kina ndege mmoja mzima na bawa la mwingine. Nakueleza njia zilizopo, wewe utachagua.

Naweza kukiacha. Nitaunga mbavu, nitafunga mgongo. Nyuzi nene zitasema kwa nguvu, nyembamba zitabaki na blanketi lao. Utamsikia Kitwa nusu. Kisha gitaa litakwenda Lubumbashi na Kyungu, na nguo itakuwa ndani, na siku moja fundi mwingine atapasha kisu moto.

Naweza kukiacha na kubandika vitambaa vingine pale palipokuwa na vile nilivyovichoma, kwa gundi yangu, bila maji mengi. Najua mahali kila kimoja kilipokaa, alama zimebaki kwenye mbao. Sauti itakuwa karibu kabisa na ile uliyoizoea. Hakuna atakayejua.

Au naweza kukitoa. Lakini kimeingia ndani ya nyuzinyuzi za mbao, kikitoka kitatoka na ngozi yake, na chini ya shevale mbao haiwezi kuwa nyembamba, nyuzi zitaing'oa. Itanibidi nibandike kibao kigumu cha mulombwa hapo. Kikishawekwa, ile sauti ya chini haitarudi tena, hata ukija kulijaza nguo. Litakuwa na sauti kali, kali kuliko siku ya kwanza.

Fikiri. Wakati upo, lakini si mwingi, gundi inahitaji kukauka vizuri.

Mwepu


Kamina, tarehe 10 Julai 2024

Papa Mwepu,

Hakuna aliyeniita Mama Kyabu tangu mwaka ule. Watu waliacha, nadhani walikuwa wananihurumia. Umefanya vema.

Nimefikiri. Kitambaa kingine kitakuwa kitambaa tu. Nitakaa pale nasikiliza blanketi la mtu nisiyemjua, na nitajua. Kukiacha pia nimefikiri, na nilikuwa nimeshaandika hivyo kwenye karatasi nyingine. Nilitaka sana, Papa. Sasa ninajua kwa nini nilihisi tuko watatu.

Lakini juzi asubuhi kulikuwa na baridi, ile ya Julai, na vumbi limetulia barabarani. Nilitoka kuchota maji nikiwa nimejitanda vitenge viwili. Nikasimama na ndoo. Nikajiona nilivyojifunika.

Kitwa alihitaji kuwa na mtoto, naye alikuwa naye miaka yote ile. Mimi nilikuwa nao wote wawili bila kujua. Aliyekosa ni Kyabu peke yake. Kikitoka hata kiganja kimoja, ni chake.

Kitoe. Usitupe hata uzi. Kama kinatoka na ngozi ya mbao, niletee na ngozi hiyo.

Kapinga


Mulongo, tarehe 22 Julai 2024

Mama Kyabu,

Carine anakuletea gitaa. Ndani ya kopo la maziwa, lililofungwa kwa utepe wa Mira, kuna nguo. Ilitoka bila kuchanika. Nyuma yake utaona ganda jembamba la sapini, sikulitenganisha.

Kibao cha mulombwa kimeshika. Mbavu zimerudi. Mwambie Djo akaze nyuzi kidogo kidogo kwa siku kadhaa, si mara moja.

Mwepu


Kamina, tarehe 6 Agosti 2024

Papa Mwepu,

Matanga yameondolewa. Nimevua nguo nyeusi, na mikono yangu inaonekana kama ya mtu mwingine.

Jumamosi asubuhi, kabla ya misa, tulikwenda makaburini kufagia kwa Kitwa. Kyabu yuko hatua chache kutoka kwake. Nilikuwa nimeleta kijiko kikubwa cha jikoni, nikapiga magoti nikachimba upande wa kichwa, na ardhi ya kiangazi ni ngumu, Papa, kijiko kilipinda. Kyungu alinikuta hapo.

"Shemeji, unafukia nini?"

"Nguo ya mutoto."

Nilidhani ataniuliza zaidi. Yeye ni mtu wa maswali, alifanya kazi ya karani miaka mingi. Alivua kofia. Kisha akanipokonya kijiko, akachimba mwenyewe mpaka shimo likawa la kutosha, akageuka kando nilipokuwa naweka. Sikumwambia nguo ilikuwa wapi. Labda nitamwambia siku moja.

Mchana Djo alipiga gitaa uani, mbele ya watu wote. Siwezi kukueleza vizuri, lakini nitajaribu, kwa sababu hukusikia na ni kazi yako. Lilikuwa kama sahani za bati zinapoangushwa kwenye sakafu safi. Liliruka juu ya ukuta. Watoto wa barabarani waliingia mbio, na wake wa wanajeshi waliokuwa wanapita na beseni zao walisimama. Marie-Thérèse alisema, "Na gitare nayo imevua nyeusi!" Watu wakacheka, na mimi nilicheka kidogo.

Kyungu alisimama, akajipiga paja. "Njo yeye! Njo Kitwa kabisa! Kitwa ya zamani, mbele ya kuoa! Bote banakumbuka? Alikuwa anatuamusha na hii kelele!" Alikuwa analia waziwazi, bila kujifuta. Kwa miaka mingi alikuwa amemkosa ndugu yake yule, na alimpata hapo uani kwangu. Nilifurahi kwa ajili yake, ni kweli.

Mimi nilikaa kama mgeni. Nilingoja mpaka wimbo wa mwisho, nikidhani labda kwenye uzi mmoja, labda Djo akipiga polepole. Ile sauti ya chini haikuja. Nilijua haitakuja, wewe uliniambia. Lakini kungoja hakusikii maneno.

Jana Kyungu alifunga vitu vyake kwenda stesheni. Nilimwomba aniachie gitaa kidogo. Nililiweka juu ya meza, nikachukua unga wa muhogo jikoni, nikaumwaga juu ya kifua kama ulivyonifundisha katika barua. Nikagonga kwa kidole.

"Shemeji, unaipikia bukari?" akauliza.

Unga uliruka wote. Kandokando, katikati, chini ya tundu, karibu na shevale. Niligonga tena, nikitazama pale hasa. Hapakuwa na mahali palipolala. Nikaufuta kwa kitambaa, nikampa.

Picha ya Kitwa sasa inatazama chumba. Bado nina hasira naye siku nyingine, nyingine namwonea huruma, alivyokaa na siri ile peke yake kila jioni, na mimi karibu. Jioni nachambua sombe. Nyumba iko kimya, na ni kimya cha kweli sasa, hakina kitu ndani yake. Nikisikia baridi najifunika, na nikijifunika najua kwamba naye amefunikwa, hata kama ni kwa kiganja tu.

Mwambie Mira awashe moto wa gundi. Hakukosa. Utepe wake nimeuweka.

Na wewe, Papa, ukishika sapini mkononi na kuigonga karibu na meno yako, utukumbuke: Kitwa, Kyabu, na mimi.

Mama Kyabu